Dakika Nne kwa Ajili ya Majella

Simu ya Mheshimiwa Ita Scahill iliingia Jumatatu mchana. Detta Gilrane alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko akizoa majivu, na aliposikia habari yenyewe akaketi palepale sakafuni, brashi mkononi.

"Tumepata, Detta! Kesho saa tisa alasiri. Mimi nina dakika nne za kusema, waziri ana nne za kujibu, halafu nina mbili za kumbana."

"Dakika nne tu?"

"Nne, na ushukuru. Wiki sita napeleka ombi, wiki sita wananipiga danadana." Ita akashusha sauti. "Na uje mwenyewe. Nitaacha jina lako langoni. Akitaka kudanganya, ajue kuna macho yanamtazama kutoka roshani ya wageni."

"Nitakuja."

"Jambo moja jingine. Naomba ruhusa nitaje jina la Majella. Nikisema 'watu ishirini na watatu' watasinzia. Nikisema Majella Gilrane wa Knockrua, pengine mmoja atainua kichwa."

Detta akamtazama binti yake, aliyekuwa mezani akimenya viazi taratibu, ulimi nje kwa bidii. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na akili yake ilikuwa ya mtoto wa miaka saba aliyelelewa vizuri.

"Mtaje," Detta akasema.

Shida yenyewe inaelezeka kwa maneno machache, ingawa wakubwa wa serikali kule Dublin waliiandikia kurasa arobaini. Kituo cha mchana cha Knockrua kilikuwa kinafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Watu ishirini na watatu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakishinda pale, na jioni kila mtu alirudi kulala kwao. Kikishafungwa, ambaye jamaa zake hawamwezi mchana kutwa angepelekwa kwenye makazi ya kudumu katika jimbo jingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Detta alikuwa na miaka sitini na sita na nyonga inayomlia kila akipanda ngazi. Mumewe Malachy moyo wake ulikuwa umeshafanyiwa ukarabati mara mbili. Detta hakutaka makubwa. Alitaka binti yake ashinde Knockrua na alale nyumbani, basi.

Malachy alikuwa amesikia yote kutoka kitini kwake. Akazima redio, iliyokuwa inasoma matangazo ya vifo vya wilaya, na kwa Malachy kuzima redio wakati huo haikuwa kawaida.

"Umemwambia Ita kwamba ulikwenda kwa Tansey pia?"

"Nani humwambia mbunge mmoja habari za mwingine?"

"Nauliza tu."

"Kila mtu huwaandikia wabunge wetu wote wanne, Malachy. Mama yako mwenyewe aliwaandikia wote wanne kwa ajili ya bomba la maji."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa watu wa pale, mwenye shida hachagui mbunge. Huenda kwa wa upinzani kwa sababu anapiga kelele, kisha huenda kwa wa serikali kwa sababu anakula meza moja na mawaziri, na kila mmoja humwachia aamini kwamba ni yeye peke yake. Hakuna anayeona aibu. Kwa hiyo Jumamosi mbili zilizopita Detta alikuwa ameketi kwenye foleni katika chumba cha nyuma cha hoteli, kati ya mtu mwenye kesi ya uzio na msichana anayetafuta nyumba ya halmashauri, akimngoja Mheshimiwa Lorcan Tansey wa chama tawala. Tansey alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama yangu," alisema, "nipe kitu cha kumpelekea waziri. Bila karatasi, mimi ni mdomo mtupu." Karatasi ilisema familia inakubali kuanza tathmini ya nafasi mbadala kwa Majella. Detta aliisoma mara mbili. Tathmini si kuhama, akajiambia, na akatia saini.

*

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi akiwa amevaa koti lake la kanisani. Langoni pa Bunge kijana wa usalama akapekua mkoba wake, akakuta mkate wa nyama aliouandaa kwa ajili ya njaa ya safari.

"Chakula hakiingii, mama."

"Sitakula huko ndani. Ni cha treni ya kurudi."

"Hakiingii."

Akauacha ule mkate juu ya meza ya walinzi. Simu nayo ikachukuliwa, akapewa kibati chenye namba. Mhudumu mmoja mzee, suti yake nadhifu na lafudhi yake ya magharibi mwa nchi, akamwongoza ngazi hadi ngazi. Alimsubiri kila nyonga ilipomgomea, na kwa upole akamsomea masharti: wageni hawaegemei ukingo, hawapigi makofi, hawasemi neno.

"Hata wakitajwa majina?" Detta akauliza kwa utani.

"Hasa wakitajwa majina, mama," mzee akasema, naye hakutania.

Detta alitarajia ukumbi uliojaa, kama unavyoonekana kwenye televisheni siku za zogo. Aliukuta mtupu. Viti vilipangika nusu duara, safu juu ya safu, na chini kabisa alikuwa Ita peke yake na karatasi zake, Naibu Spika kitini, makarani wawili, na upande wa serikali bwana mmoja mnene aliyekuwa anafungua faili kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Lorcan Tansey hakuwepo. Detta alikuwa amevaa lile koti la kanisani kwa ajili ya watu wa viti vile.

Ita akasimama. Aliwahi kuwa muuguzi miaka ishirini kabla ya siasa, na bado alikuwa na sauti ya wodini, isiyopanda wala kubembeleza.

"Mheshimiwa Naibu Spika, kabla sijaanza, waziri mwenye dhamana yuko wapi? Ninayemwona mbele yangu ni Naibu Waziri Prendeville, na nijuavyo mimi anashughulikia uvuvi."

"Waziri yuko kwenye shughuli nyingine za kiserikali," Naibu Spika akasema. "Mheshimiwa, muda wako unakwenda."

"Basi nitazungumza na waziri wa samaki. Majella Gilrane ana miaka thelathini na minne. Kila siku saa sita na nusu anapanga vikombe ishirini na vitatu mezani pale Knockrua. Hajui kusoma, lakini anajua kikombe gani ni cha nani, na mgeni akikalia nafasi ya mtu atamwinua kwa adabu. Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya miaka kumi na mitano. Mama yake yuko juu pale. Leo amesafiri toka alfajiri. Mheshimiwa, mama huyu haombi jengo jipya, haombi hela. Anaomba mlango ambao tayari uko wazi usifungwe. Swali langu ni moja: serikali itakiacha kituo kile wazi, ndiyo au hapana? Na kama ni hapana, Majella ashinde wapi, na alale wapi?"

Detta alitaka kulia kwa fahari. Hakuna mtu aliyewahi kusema jina la binti yake kwa sauti namna ile isipokuwa padre siku ya ubatizo. Kwa dakika nne zile, nami simlaumu, aliamini kwamba jambo likisemwa vizuri kiasi kile, mahali pakubwa kiasi kile, haliwezi kukosa jibu.

Prendeville akainuka na faili lake.

"Mheshimiwa Naibu Spika, napenda kumshukuru Mheshimiwa Mbunge kwa kuleta hoja hii muhimu. Serikali inathamini sana watu wenye ulemavu na familia zao." Alisoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Akasoma juu ya mapitio, juu ya viwango vya usalama wa majengo, juu ya kumweka mtu katikati ya huduma. Kisha akageuza ukurasa. "Kuhusu familia iliyotajwa kwa jina, nimearifiwa kwamba tarehe tano ya mwezi huu familia hiyo ilikubali kwa maandishi nafasi mbadala ya makazi. Napenda kuwapongeza. Nadhani Mheshimiwa Mbunge atafurahi kusikia hivyo, kama alikuwa hajaambiwa."

Ita akainua uso kuelekea juu. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anauliza.

Na Detta, mwanamke ambaye hajawahi kubishana hata na mwenye duka, akajikuta amesimama. "Sikukubali hivyo!" akasema. "Ilikuwa tathmini!"

Naibu Spika akagonga kengele bila kutazama juu. Mhudumu mzee alikuwa ameshamfikia, kamshika kiwiko.

"Mama, hapa wageni hawasemi."

"Lakini anadanganya! Mimi ndiye niliyetia saini, mimi ndiye ninayejua!"

"Najua, mama. Twende."

"Hujui," Detta akasema, na sauti yake ikavunjika. Katika jengo zima mtu pekee aliyeujua ukweli alikuwa yeye, na ndiye pekee aliyekatazwa kuusema. Alipokuwa akitolewa alimsikia Ita chini akitumia zile dakika mbili zake, akirukia wale ishirini na wawili waliobaki, maneno yakimpotea. Akamsikia na Prendeville akijibu kwamba ikiwa familia iliyokuwa mstari wa mbele imeridhika, basi ni dalili njema kwa familia zote.

*

Ita alimkuta kwenye benchi la korido, kibati cha namba bado mkononi.

"Ulitia saini kitu?"

"Ya Tansey. Ya tathmini."

"Mungu wangu, Detta." Akaketi kando yake kwa kishindo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza!"

"Na wewe ungeshindwa, ningebaki na nani?"

Kwenye kabati la Ita ofisini zilikuwepo barua za watu waliokwenda kwa Tansey kwanza, naye hakuwahi kumrudisha hata mmoja. "Nimesimama pale kama mjinga," akasema hatimaye. "Dakika mbili, na sina la kushika."

"Samahani, Ita."

"Usiniombe mimi samahani. Nitadai warekebishe kumbukumbu za Bunge. Naibu waziri akisema lisilo kweli ndani ya ukumbi, sharti alirekebishe. Nitawaganda."

"Na zikirekebishwa, kituo hakifungwi?"

Ita akainuka, akatoa funguo za gari. Akampeleka kituo cha treni kwa gari lake. Njiani akasimama akamnunulia mkate wa nyama, na Detta akaushika mapajani hadi nyumbani bila kuugusa.

*

Redio ya wilaya ilitangaza asubuhi: familia ya kampeni ya Knockrua yakubali nafasi mbadala. Waliisoma baada ya habari za mnada wa ng'ombe. Detta akampigia Tansey mara tatu, na mara ya tatu akampata.

"Mama yangu, mimi nilipeleka karatasi tu," Tansey akasema. "Wizarani wameisoma walivyoisoma. Lakini tazama upande mzuri, una nafasi. Wenzako hawana hata hiyo."

Na hapo ndipo palipomwumiza zaidi, kwa sababu wenzake walikuwa wameshafikia hesabu hiyohiyo. Jumapili baada ya misa, Philomena Keaney alisimama barazani pa kanisa akifunga kifungo cha koti la mwanawe Enda, aliyeshinda Knockrua na Majella miaka kumi na moja.

"Hongera kwa nafasi yenu," akasema, macho kwenye kifungo.

"Philomena, sikukubali nafasi yoyote. Wamepindua maneno."

"Jina lako lilisomwa Bungeni, Detta. La Enda halikusomwa."

"Ita aliomba ruhusa ataje jina moja, akataja letu. Ingeweza kuwa lenu."

"Ndiyo. Ingeweza." Philomena akamshika Enda mkono. "Nasi tuliandamana kwenye mvua na mabango, na wewe Jumamosi ukaenda zako hotelini."

"Nawe ulikwenda hotelini! Mwezi wa pili, nilikuona mwenyewe!"

"Nilikwenda," Philomena akasema, "lakini mimi sikupewa kitu."

Majella alikuwa amemkumbatia Enda kiunoni, kama desturi yake kila Jumapili. Ikabidi mama hao wawili wawatenganishe vidole kimoja kimoja, kila mmoja akimvuta wake, na hawakuagana.

Kituo kilifungwa Ijumaa, mlango ukatiwa kufuli na tangazo la kurasa mbili. Tangu hapo familia zile, zilizokuwa zikipigiana simu kila jioni, ziliacha kupigiana.

*

Wiki tatu Majella alishinda nyumbani. Wiki ya kwanza alidhani ni likizo, akacheka na kuangalia katuni. Ya pili alianza kuvaa koti asubuhi na kusimama sebuleni. Ya tatu aliacha kula mchana, kwa sababu chakula cha mchana, kwa jinsi alivyoelewa dunia, kinaliwa na watu ishirini na watatu. Akawa mzito kuamka, mzito kuoga. Detta hakuweza kumwinua bafuni kwa sababu ya nyonga, hivyo Malachy alimwinua, kimyakimya, akisema hana neno. Siku ya Jumatano alimwinua nusu, akakaa chini juu ya sakafu yenye maji, midomo ya bluu, akasema, "Detta, piga simu," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Hospitali walisema ataishi. Walisema pia hatamwinua mtu tena, wala ndoo.

Alhamisi, Detta akiwa kando ya kitanda cha mumewe na Majella akiwa amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, akaja mwanamke kijana kutoka shirika linalosimamia makazi. Alikuwa na sauti nzuri, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Bibi Gilrane, nafasi ya Majella bado ipo. Ipo kwa sababu ya ile karatasi ya awali, na tumeishikilia kadiri tulivyoweza. Lakini saa kumi leo nalazimika kuiachia."

"Sitaki makazi. Nataka mtu wa kuja asubuhi anisaidie kumwogesha. Saa moja tu. Saa moja, basi!"

"Hiyo ni orodha nyingine."

"Ndefu?"

"Bibi, sitakudanganya. Kuna watu wamo tangu mwaka juzi."

"Na nikikataa hii?"

"Itaandikwa kwamba familia ilipewa nafasi, ikakataa. Mkiomba tena mtaanza mwisho." Akatazama saa, akaona haya kwa kuitazama. "Samahani. Familia nyingine iko kwenye simu yangu sasa hivi. Keaney."

Detta akamtazama Malachy. Malachy akageuza uso ukutani, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Akamtazama Majella, mdomo wazi usingizini, kiatu kimoja kimemvuka. Kama angekuwa na nguvu ya kuchukia, angewachukia wote: Tansey, Prendeville na faili lake, na hata Ita na sauti yake ya wodini. Alichokuwa nacho ni uchovu. Akaiweka karatasi juu ya trei ya chakula, kando ya bakuli la supu isiyoguswa. Hii haikutaja tathmini mahali popote. Akatia saini.

*

Ita Scahill alikuja nyumbani kwao mwezi uliofuata, siku ya mvua, akakataa chai mara mbili na kuipokea mara ya tatu. Malachy alikuwa kitini, blanketi magotini. Ita akatoa bahasha yenye nembo ya wizara.

"Nimewaganda kama nilivyoahidi," akasema. "Barua nne. Wiki ile mliyokuwa hospitali walikuwa wamekubali, Detta. Walikuwa wameshaandika rasimu ya marekebisho. Nimeiona kwa macho yangu."

"Soma," Detta akasema.

"Si lazima."

"Soma, Ita."

Ita akasoma, sauti yake ya Bungeni imekwisha kabisa. "Kwa kuwa familia imethibitisha kwa maandishi kukubali nafasi hiyo, na mhusika ameshaanza kuishi katika makazi, taarifa iliyotolewa Bungeni inalingana na hali halisi. Kwa hiyo wizara haioni haja ya marekebisho yoyote."

"Wanasema uongo tena?" Malachy akauliza, kwa kuwa siku hizo dawa zilimchelewesha kuelewa.

"Hapana," Detta akamwambia. "Safari hii ni kweli."

Ita akaikunja barua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Naweza kupeleka swali jingine. Juu ya orodha ya msaada wa nyumbani. Nikipata dakika nne..."

"Uulize nini?"

"Niulize kwa nini..." Huyu aliyeogopwa na mawaziri wawili watatu alikosa neno jikoni pa watu.

Simu ikaita. Ilikuwa saa kumi na moja, saa ambayo pale makazi waliruhusiwa kupiga. Detta akajifuta mikono, akajikaza, akapokea kwa furaha aliyoitengeneza.

"Mama," Majella akasema upande wa pili, polepole, kama mtu aliyefikiri siku nzima. "Nilivunja kikombe cha nani, hata nikaletwa huku?"

"Hukuvunja kikombe chochote, mwanangu."

"Basi niseme samahani kwa nani?"

Detta akaishika simu kwa mikono miwili. Ita alikuwa anamtazama, Malachy alikuwa anamtazama, na yeye akawapa mgongo.